Kodi ya Mwaka kwa Mkupuo Inamnyima Mpangaji Nyumba Yake

Mpwa wangu, aliyeajiriwa Dar es Salaam hivi karibuni, ametakiwa alipe kodi ya miezi 12 kwa mkupuo ndipo akabidhiwe funguo za chumba na sebule pale Sinza, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Mshahara wake unalipwa kwa mwezi. Kwa nini kodi idaiwe kwa mwaka?

Jambo hili linaniuma zaidi kwa kuwa Sinza yenyewe, kama Kijitonyama, ilitokana na mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili watu wa kipato cha chini wapate viwanja vilivyopimwa na kujijengea kidogo kidogo. Katika nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati, vyumba pande mbili na choo uani, mpangaji aliishi pamoja na mwenye nyumba, akalipa mwisho wa mwezi, na kilichosalia akanunulia matofali. Leo kijana wa kipato kilekile ananunua kiwanja Chanika, kisha ujenzi hauanzi, kwa maana kila akikaribia kufikisha fedha za msingi, mkataba unaisha na akiba yote inakwenda kwenye kodi. Mara nyingi fedha hizo ndizo zinazopaulia nyumba nyingine ya huyo mwenye nyumba, yaani mpangaji anamkopesha tajiri wake bila riba huku yeye mwenyewe hakopesheki. Mikopo ya nyumba ilitungiwa sheria mwaka 2008, lakini mama lishe na dereva wa bodaboda hawana hati ya mshahara ya kupeleka benki.

Sheria ya 1984 ya udhibiti wa kodi za nyumba, pamoja na mabaraza yake ya nyumba yaliyosikiliza migogoro ya wapangaji na wenye nyumba, ilifutwa mwaka 2005. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kodi zilizobanwa mno zilichangia kuchakaa kwa majengo ya Shirika la Nyumba la Taifa. Wenye nyumba nao wana haki ya kuogopa mpangaji anayehama usiku na deni. Amana ya mwezi mmoja inatosha kwa hilo.

Sidai kodi ishushwe hata shilingi moja. Nadai Bunge lipige marufuku kudai kodi ya zaidi ya miezi mitatu kwa mkupuo, na mpangaji apate baraza la kumsikiliza katika wilaya yake.