Picha ya Mtu Ikatwe Wapi, na Nani Aamue?

Mwaka juzi nilimpiga picha mama mmoja wa makamo, siku moja kabla ya harusi ya mwanawe wa kwanza. Aliketi barazani kwake, Ilala, mwanga wa saa kumi jioni ukimwangukia upande wa kushoto wa uso, nami nikafunga lenzi ya milimita 85 na kumsogelea kadiri nilivyoweza. Wiki moja baadaye nilimpelekea picha tatu kubwa ambazo uso wake ulijaa karatasi nzima, kutoka kidevuni hadi katikati ya paji, macho yakimeta na kila mkunjo ukionekana. Niliziona nzuri, na hadi leo naziona nzuri. Yeye alizishika kwa ncha za vidole, akazitazama moja baada ya nyingine, kisha ile ya mwisho akaigeuza upande wa pili, kana kwamba sehemu iliyobaki ingekuwa imechapwa huko nyuma. Akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, miguu yangu umeipeleka wapi?"

Miguu ile ilikuwa na hina. Alikuwa amekaa karibu usiku kucha akipambwa, kuanzia kwenye vidole hadi juu kidogo ya vifundo, na alikuwa amevaa doti mpya ya kanga ambayo jina lake alilichagua kwa makusudi, kwa ajili ya mkwe anayeingia nyumbani. Picha alitaka kumpelekea dada yake aliyeko Muscat, ambaye hakuweza kuja harusini. Mimi nilimpa uso, ambao dada yake anaujua tangu utotoni, nikamnyima kila kitu kilichokuwa kipya siku ile.

Wapiga picha wa rika langu tumejifunza kazi hii kwa kutazama picha za wenzetu kwenye simu na kusikiliza mafunzo ya video, na somo tulilolishika zaidi ni kwamba picha ya mtu ni uso, uso ni macho, na chochote kisichoyasaidia macho kiondolewe. Wateja wetu wengi, hasa waliovuka miaka hamsini, wanataka picha nzima, kuanzia utosini hadi kwenye kidole gumba cha mguu, tena yenye nafasi kidogo juu na chini. Sisi tunawaona hawajui picha, na wao wanatuona tumewakata. Naamini kila upande una hoja yake na hakuna ladha iliyo juu ya nyingine. Ninachokipinga ni ile tabia yetu ya kuigeuza ladha yetu kuwa sheria, kisha tukaitekeleza juu ya mwili wa mtu mwingine bila hata kumuuliza.

Bibi yangu mzaa mama ana picha moja tu ya ujana wake, yenye ukubwa wa kadi ya posta, iliyopigwa studio. Amesimama kando ya meza ndogo yenye chombo cha maua, nyuma yake pazia lililochorwa nguzo na ngazi za jumba ambalo halipo popote. Mkono wa kushoto ameuweka juu ya meza, na kifundo amekigeuza ili saa ielekee kwenye kamera. Miguuni ana viatu vyeupe vya kisigino. Juu ya kichwa chake kumebaki nafasi ya upana wa vidole viwili, na uso wenyewe hauzidi ukucha wa kidole gumba. Kwa vipimo vya leo picha ile ina makosa kila mahali. Lakini Bibi akiisimulia, kidole chake hakigusi uso hata mara moja. Anaonyesha saa, ambayo ilikuwa ya kaka yake na ilimlazimu kuiomba siku tatu mfululizo. Anaonyesha viatu, ambavyo vilimbana hata akarudi nyumbani peku akiwa amevishika mkononi. Ningeikata picha ile kifuani nikaikuza, ningebaki na msichana mzuri asiye na kisa.

Hivyo ndivyo zilivyopigwa picha nyingi za studio za pwani yetu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 1930. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh alikuwa na studio ambayo watu waliingia wakiwa wamevaa kilicho bora kuliko vyote walivyokuwa navyo. Mteja hakuja kuchunguzwa uso. Alikuja kuthibitisha kwamba yupo, ni mzima, amesimama kwa miguu yake, na mambo yake yamenyooka. Picha ilitiwa katika bahasha ikaenda kwa ndugu wa mbali, na ndugu yule aliisoma kama barua, akianzia kwenye nguo na kumalizia kwenye viatu.

Mbali kidogo na kwetu, Bamako nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, naye ananifundisha zaidi kuliko video zote nilizowahi kutazama. Kamera aliyoitumia zaidi ilikuwa ya negativu (filamu inayochapiwa picha) kubwa za sentimita 13 kwa 18, na picha alizichapa kwa kuilaza negativu juu ya karatasi, kwa hiyo picha ilitoka na ukubwa uleule wa negativu. Maana yake ni kwamba mpango wote wa picha ulipaswa kumalizika kabla ya kubonyeza. Aliwapanga watu vidole, aliwatandaza gauni likajaa pembeni, na aliwaazima saa, kalamu, redio, hata pikipiki yake ya Vespa, ili wapigwe navyo. Wako aliowapiga wakiwa wamesimama wazima, na wako aliowapiga kuanzia kifuani, mabega yakiwa yameinamishwa kidogo, mtindo ambao yeye mwenyewe aliupenda. Ladha zote mbili zilikaa katika chumba kimoja, na mteja aliweza kutazama picha za mfano ukutani akachagua anayoitaka.

Nisieleweke kwamba nachukia kukata. Ipo kazi ambayo mkasi peke yake ndio unaoiweza. Tarehe 5 Machi 1960, mjini Havana, mpiga picha Alberto Korda alimpiga picha mwanamapinduzi Che Guevara katika hafla ya kuwakumbuka waliouawa katika mlipuko wa meli La Coubre. Picha yenyewe ililala kwa upana. Upande mmoja kulikuwa na mtu mwingine aliyeonekana kwa ubavu wa uso, upande wa pili majani ya mti wa jamii ya mnazi. Korda akaviondoa vyote viwili, akabakisha uso, nywele, kofia yenye nyota na anga tupu nyuma yake, na sura hiyo ikasambaa duniani kote. Ile picha nzima inamwonyesha mtu mmoja katika mkusanyiko, siku moja, mahali fulani. Iliyokatwa haina siku wala mahali, na ndiyo sababu iliweza kubandikwa popote. Arnold Newman naye, mwaka 1946, alimpiga mtunzi wa muziki Igor Stravinsky akiwa ameegemea piano, kisha akaikata negativu yake kwa ukali mpaka mfuniko mweusi wa piano ukatawala karibu picha yote na mtunzi akabaki mdogo kwenye kona ya chini. Hapo mkasi ulifanya kinyume cha tunachokifanya sisi. Ulimpunguza mtu ili kikuzwe kitu anachoishi kwa ajili yake, na bado Stravinsky yumo mzima katika picha ile kuliko angejaziwa uso karatasi yote.

Mifano hiyo miwili inanitosha kuziangalia upya kanuni tunazopeana. Ile ya kugawa picha mara tatu kwa mlalo na mara tatu kwa wima, kisha kumweka mtu kwenye mstari wa theluthi, ilipewa jina mwaka 1797 na Mwingereza John Thomas Smith alipokuwa akizungumzia michoro ya mandhari ya mashambani. Alikuwa akifikiria nchi na anga. Hakuwa akimfikiria bibi aliyesimama wima kando ya meza ya maua, ambaye katikati ya picha ndipo mahali pake hasa, kwa sababu yeye ndiye mwenye picha. Kanuni ya kutokata kwenye viungo naikubali zaidi, kwa kuwa inatokana na jinsi jicho linavyofanya kazi: picha inayoishia kwenye goti, kiwiko au kifundo humfanya mtazamaji ahisi kwamba kiungo kimetoka, ilhali ikiishia katikati ya paja au katikati ya mkono wa juu, jicho huendelea lenyewe na kuumaliza mwili. Lakini hata hiyo haijui kanga. Jina la kanga hukaa chini, karibu na pindo, na kwa mwanamke aliyeivaa kiunoni maandishi huangukia mapajani au chini zaidi. Ukikata katikati ya paja kwa utiifu wote wa kanuni, unaweza kuwa umeikata sentensi nusu, na kwa aliyeivaa sentensi ile ndiyo aliyotaka isomwe.

Tukio lililonishtua kuliko yote ni la Januari 2020, huko Davos nchini Uswisi. Wasichana watano wanaharakati wa mazingira walisimama pamoja mbele ya milima yenye theluji. Wanne walikuwa wazungu, akiwemo Greta Thunberg, na wa tano alikuwa Vanessa Nakate wa Uganda, aliyesimama mwisho kabisa upande wa kushoto. Shirika la habari la Associated Press lilisambaza picha yenye watu wanne. Lilipoulizwa, lilieleza kwamba mpiga picha alikuwa akikimbizana na muda, akakata kwa sababu za mpangilio tu, maana jengo lililokuwa nyuma ya Nakate liliharibu mandhari. Baadaye shirika liliomba radhi. Nakate alisema kwamba hawakufuta picha tu, walilifuta bara.

Mimi naamini kabisa kwamba mpiga picha yule aliliona jengo, maana nami huliona jengo kila siku: nguzo ya umeme, ndoo ya maji, mtoto wa jirani aliyeingia pembeni. Na hapo ndipo uzito ulipo. Jicho lililozoea kusema "hiki kinaharibu mpangilio" halisimami kujiuliza kilichosimama mbele ya jengo ni nani. Tukiwa kwenye kompyuta usiku, tuna picha mia nne za kusafisha kabla ya asubuhi, mtu wa pembeni huondoka kwa sekunde moja, na huenda alikuwa shangazi aliyesafiri kutoka Kigoma kwa treni.

Siku hizi hata sisi hatukati peke yetu. Picha ya wasifu kwenye WhatsApp huonekana katika duara, na duara ndani ya mraba huacha nje zaidi ya moja ya tano ya eneo lake, kwa hiyo vilemba na mabega hupotea kwenye pembe. Twitter iliwahi kutumia programu ya kukisia ni sehemu gani ya picha ionekane kwanza. Mwaka 2020 watumiaji walilalamika kwamba ilipendelea nyuso nyeupe, na mwaka 2021, baada ya kampuni yenyewe kupima na kukuta kweli kuna tofauti, ingawa si kubwa, iliachana na ukataji huo.

Upo pia mkasi wa kimyakimya unaowaumiza wateja wetu zaidi, nao uko kwenye vipimo vya karatasi. Kamera nyingi tunazotumia hutoa picha yenye uwiano wa tatu kwa mbili, na mteja huomba ichapwe inchi nane kwa kumi, saizi ya fremu iliyoko dukani. Picha yenye urefu wa nukta 6,000 na upana wa 4,000 ikiingizwa kwenye karatasi hiyo, hubaki na urefu wa 5,000. Moja ya sita ya urefu imekwenda. Kama mtu alisimama akajaza fremu kutoka juu hadi chini, lazima apoteze utosi au miguu, na mashine ya kuchapa haitamuuliza anachagua kipi. Mara ngapi tumewalaumu vijana wa maabara kwa kosa tulilolifanya wenyewe kwa kutoacha nafasi?

Kwa hiyo sasa napiga tofauti. Kwa kila mtu, pigo la kwanza ni la picha nzima, nikiwa nimerudi nyuma vya kutosha, na chini ya viatu naacha nafasi ya sakafu inayoweza kukatwa bila kumgusa mtu. Baada ya hapo ndipo namsogelea. Tukimaliza, nakaa naye mbele ya skrini, namwonyesha picha moja imekatwa kwa namna tatu, kisha nanyamaza. Wengi huchagua mbili, ya uso kwa ajili ya simu na nzima kwa ajili ya ukuta. Vijana mara nyingi huchagua uso tu, na hilo nalo nalitimiza kwa moyo mweupe. Muda unaongezeka, kazi zinazoingia kwa siku zinapungua, na baadhi ya wenzangu wananiambia kwamba mtaalamu hamuulizi mgonjwa sindano ichomwe wapi. Siukubali mfano huo. Mgonjwa hatundiki sindano sebuleni kwake miaka arobaini.

Yule mama wa Ilala sikuweza kumrudishia miguu kwenye kompyuta, kwa sababu sikuwa nimeipiga. Nilipitia faili zote za siku ile, moja baada ya nyingine, na iliyokwenda chini kuliko zote iliishia kiunoni. Nilirudi kwake, nikamwamkia, nikamwomba avae tena ile doti, asimame palepale barazani. Alikubali bila kunilaumu. Hina ilikuwa imeshafifia na kutoka nyayoni na vifundoni, imebaki kwenye kucha tu, nyekundu iliyokoza. Nilirudi nyuma hadi mgongo wangu ukagusa ukuta wa jirani, naye akauweka mguu wa kulia mbele kidogo ili kucha zionekane.