Shida Si Elimu, Shida Ni Betri

Kuna kauli moja nikiisikia tena redio itakula ngumi: "Wananchi wanahitaji kuelimishwa kuhusu magari ya umeme." Juzi kaisema tena mtaalamu mmoja, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto ameze dawa. Watu hawanunui, kwa hiyo watu hawajui. Mjadala umefungwa.

Hebu tuheshimiane. Anayesita si mshamba. Kitu chenyewe wala si kigeni: gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa, mwaka 1899, lilikuwa la umeme. Na nakubali, shingo upande, kwamba mota ya umeme ni mashine bora kuliko injini ya petroli. Haina oili ya kumwaga, haina plagi za kubadilisha, na haigeuzi sehemu kubwa ya hela yako kuwa joto la bure. Haya, nimesema. Habari za betri kushika moto nazo tuziache, petroli pia huwaka.

Mimi nazungumzia gari lililotumika, maana jipya wengi tunaishia kulitazama tu.

Gari la petroli lililotumika haliwezi kuficha siri. Unakwenda na fundi wako asubuhi, injini ikiwa bado baridi. Anafungua kifuniko cha oili. Akikuta oili imekuwa nyeupe, anajua maji yameingia. Anachomoa stiki ya kupimia oili, ananusa. Anawasha, anazunguka nyuma kutazama moshi. Ukitoka wa bluu, injini inakula oili, na muuzaji anaanza kupunguza bei kabla hujafungua mdomo.

Sasa mlete fundi huyohuyo mbele ya gari la umeme. Atanusa nini? Betri, ambayo ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote humo, imefungiwa chini ya sakafu pamoja na volti mia kadhaa za kuua mtu. Dashibodi inaandika 100%. Asilimia 100 ya nini? Ya uwezo uliobaki wa kuhifadhi umeme! Betri iliyochakaa ikijaa inaandika 100% vilevile, bila aibu. Kompyuta ya gari ina hesabu yake ya uchakavu, ila magari mengi hayamwonyeshi hesabu hiyo mtu anayetoa hela.

Halafu unaniambia nikaelimishwe.

Elimu hiyo wenzetu waliipata kwa gharama zao. Mwaka 2012, wenye Nissan Leaf, gari la umeme, kule Arizona, Marekani, walianza kuona vile vijisanduku 12 vya dashibodi vinavyoonyesha uwezo wa betri vikipungua kimoja kimoja kwa sababu ya joto, maana betri ile haikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji. Walilalamika, wakapiga kelele kwelikweli, na kampuni ikatoa dhamana ya uwezo wa betri: vikishuka chini ya 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, inatengeneza yenyewe. Hiyo dhamana ilitokana na wabishi, si na semina.

Mtanitajia Norway, najua. Mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyosajiliwa kule yalikuwa ya umeme, tena kwenye baridi ile. Sawa. Lakini Norway ilianza kuyaondolea kodi ya kuingiza mwaka 1990, na VAT ikafuata 2001. Walipunguziwa mzigo mfukoni, ndugu zangu.

Umoja wa Ulaya angalau umeelewa swali. Kwa sheria yake ya mwaka 2023, kuanzia Februari 2027 betri mpya za magari zitalazimika kuwa na pasipoti ya kidijitali, yenye historia yake na hali yake. Mimi nataka hata kidogo kuliko hapo: karatasi moja, namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo, na sahihi ya mtu ninayeweza kumshtaki akinidanganya. Mtaalamu wa redioni akija na hiyo karatasi, tutaongea bei.