Volti ndogo si ruhusa ya kupiga shoti

Wiki hii kuna video imezunguka kwenye makundi ya mafundi. Kijana kapanga kapasita sita kubwa, vile vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, zile za volti 2.7 na faradi 500 (faradi ni kipimo cha uwezo wa kapasita kubeba chaji) kila moja, kaziunga kwa mfuatano, kazijaza kwa betri ya pikipiki, kisha anachukua bisibisi na kuzigusisha ncha mbili. Cheche zinaruka, bisibisi inameguka, watu nyuma ya kamera wanashangilia. Chini ameandika kwamba tusiogope, ni volti 12 tu. Niliirudia ile video nikitazama uso wake peke yake. Hana miwani.

Nimekasirika, na sitaficha. Vijana wachezee umeme, tena nawaombea wachezee zaidi, maana hakuna aliyejifunza saketi kwa kuziangalia. Kinachonichoma roho ni hii imani iliyoenea kwamba volti zikiwa chache, hatari haipo.

Nakubali jambo moja, tena shingo upande: volti 12 hazipenyi ngozi kavu. Shika ncha zote mbili kwa vidole na hutasikia kitu. Lakini mtazame fundi wa kuchomelea mageti. Moto wake unawaka kwa volti ishirini na kitu, na chuma kinayeyuka, kwa sababu mkondo unazidi ampea 100. Kapasita zile sita zina ukinzani wa ndani wa miliomu chache tu, yaani elfu-moja za omu, kila moja, kwa hiyo ukizipiga shoti unapata mamia ya ampea kwa mpigo. Pigeni hesabu wenyewe: sita kwa mfuatano ni kama faradi 83, na zikifika volti 12 zimebeba nishati ya jouli 6,000 hivi. Jouli zote hizo zinatafuta kutokea pale chuma kilipogusa. Kikiwa bisibisi, chembe za chuma kilichoyeyuka zinarukia usoni. Kikiwa pete, bangili au mkanda wa saa, kinakuwa chekundu kikiwa bado kimekuzunguka mwilini, na hakuna atakayewahi kukivua.

Hoja yangu ni moja, na nitaing'ang'ania: njia ya kutoa chaji ijengwe kabla ya njia ya kuiingiza. Kabla waya wa betri haujagusa chochote, pale mezani pawe tayari na kitu cha kuimwaga kapasita taratibu, kimeshaungwa na kimeshajaribiwa. Asiyekuwa nacho asichaji.

Fundi aliyenifundisha kutengeneza TV za chogo alikuwa na holda ya balbu ikining'inia pembeni ya meza. Ndani yake balbu ya zamani ya wati 60, na waya mbili zilizofunikwa vizuri hadi karibu na ncha. Kapasita kubwa ya upande wa umeme kwenye TV hujaa hadi volti 325 hivi, maana umeme wa volti 230 ukishapita kwenye daiodi, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, unapanda hadi kilele chake. Kabla ya kutia mkono, alizigusisha zile waya kwenye miguu ya kapasita: balbu inamulika ghafla, inazimika. Anachukua mita, anapima. Anasubiri kidogo, anapima tena, kwa sababu kapasita iliyomwagwa haraka hurudisha volti kidogo yenyewe bila kuunganishwa na kitu. Nilikaa naye muda mrefu na sikumwona hata siku moja akipiga shoti kwa bisibisi. Balbu za namna ile zinaadimika siku hizi, kila duka ni LED. Ukizikuta mahali, nunua hata mbili uweke.

Kwa volti ndogo, balbu ya indiketa ya gari, volti 12 na wati 21, inafanya kazi ileile, tena pande zote mbili, kumwaga na kuchaji. Kapasita tupu mbele ya betri ni shoti kamili. Hakuna kinachouzuia mkondo isipokuwa waya wako, na waya ukishindwa unaungua. Weka balbu katikati. Itawaka kwa nguvu, kisha itaanza kufifia jinsi kapasita inavyojaa, na baada ya dakika kumi na kitu uzi umebaki mwekundu hafifu. Unaona kwa macho yako kinachoendelea. Ukitumia rezista, kifaa cha kuzuia mkondo, badala ya balbu, kumbuka inachoma joto sawa na jouli zote utakazohifadhi. Ya omu 10 inapokea karibu wati 14 mwanzoni, kwa hiyo ile ndogo ya robo wati itatoa moshi mara moja. Tena itakuchukua zaidi ya saa nzima, na hapo ndipo subira inapokwisha na mtu anaing'oa. Mwenye uwezo anunue chaja inayodhibiti mkondo, aiweke ampea 2, na aongeze daiodi kwenye waya wa kutokea ili kapasita zisirudishe umeme kwenye chaja ikizimwa.

Kapasita za mfuatano zifungiwe visawazishi, yaani visaketi vya kusawazisha volti za kila moja, vinginevyo ile dhaifu inajaa kwanza na kuvuka volti 2.7 zake. Chanya na hasi ziangaliwe mara mbili. Uso usiwe juu ya kapasita hata kidogo. Ile alama ya msalaba iliyochongwa kichwani mwake iko pale ili ipasuke presha ya ndani ikizidi.

Sasa kuna hivi vijisaketi vya kupandisha volti, vinavyopokea volti 12 na kutoa hadi 390. Hapa ndipo naogopa kweli. Mtoto anaona betri ndogo upande mmoja na anaamini mradi wote ni mdogo. Lakini kapasita moja ya mikrofaradi 470 iliyojazwa hadi volti 390 ina jouli 36, na volti hizo ngozi haizizuii. Zikipita kifuani, kutoka mkono huu hadi ule, zinaweza kuua. Betri ikiondolewa kapasita inabaki imejaa, kimya, bila taa yoyote, na mdogo wake anaweza kuja kesho yake kuichukua mezani.

Kinga yake ni rezista mbili za kilo-omu 47, za wati 2 kila moja, zilizoungwa kwa mfuatano ili zigawane volti, kisha zikachomelewa moja kwa moja kwenye miguu ya kapasita na kuachwa hapo daima. Umeme ukikatwa, ndani ya dakika mbili volti zimeshuka chini ya 50, hata kama kila mtu amesahau. Mita bado itumike, lakini kazi kubwa imeshafanyika. Nawaomba wauzaji wetu wa vifaa, mnaouza vijisaketi hivi kwa watoto wa shule bila hata karatasi ya maelezo: tieni rezista hizo mbili kwenye kifuko hichohicho, na mwonyesheni mnunuzi pa kuzichomelea kabla hajatoka dukani.