Yadi ikishakagua gari, isinirudie

Mjomba wangu amepigiwa simu na yadi moja ya magari hapa Mtwara mjini, na tangu aniambie sijatulia. Baada ya malipo ya korosho alishuka kutoka Masasi na Noah yake ya siku nyingi, akaiacha pale, akaongezea hela na kuondoka na gari jingine. Miezi imepita, leo wanamwambia: "Mzee, gari ulilotuletea lina historia mbaya. Chasisi imechomelewa. Turudishie milioni mbili."

Nilikuwepo siku ya makabidhiano. Fundi wao aliingia chini ya ile Noah na tochi, akagonga chasisi kwa spana toka mbele mpaka nyuma, akapitisha kidole pale pale penye mshono. Akatoka akamwambia bosi wake, "Hii iligongwa kushoto." Mjomba akajibu ndiyo, iligongwa Ndanda, ikatengenezwa. Bei ikashushwa hapo hapo. Kasoro iliyokwisha kukatwa kwenye bei inadaiwaje tena? Korosho ikishapimwa, ikawekwa daraja na kuuzwa mnadani, mnunuzi hamfuati mkulima shambani mwezi Machi.

Na gari alilopewa? Juzi tuliuvuta mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho. Sehemu inayojificha ndani ina tope lililokauka. Tukafunua kapeti: bolti za viti zimeliwa na kutu, wakati bodi inang'aa. Gari hilo lilizama. Kuwauliza, wakajibu, "Si mlilikagua wenyewe?"

Hili ndilo linaloniumiza. Jicho la mkulima aliyezunguka gari mara moja eti linafunga kesi, lakini jicho la fundi anayekagua magari kila siku halifungi! Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaokubalika. Zinazoachwa nje ya ulinzi huo ni kasoro ambazo ukaguzi wa mnunuzi ungepaswa kuziona. Nani anaruhusiwa kung'oa viti na kapeti pale yadi? Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga. Watu wa Kusini tunayajua maji. Kama gari limewahi kuzama, tuambiwe kabla hatujatoa hela.

Kadi ya gari haitusaidii hapo. Ina jina la mwenye gari, namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa. Ajali na mafuriko haina.

Haya, nakubali wapo wenye magari wanaoficha. Mtu kapindua gari, kapiga rangi, kaapa halijawahi kuguswa: huyo adaiwe, yadi nayo ina haki yake. Lakini mjomba alisema ukweli mbele ya watu.

Ninachotaka ni karatasi moja ndani ya mkataba, kwa magari yote mawili: ajali, maji, injini iliyobadilishwa, kilomita zinazosomeka. Pande zote zisaini. Na umiliki uhamishwe mapema, maana faini za barabarani zinafuata namba ya gari.

Mjomba halipi hiyo milioni mbili. Tumeandika barua, tumeambatanisha picha za mkanda na za bolti, na tunadai yadi ichukue gari lake, irudishe Noah na hela aliyoongezea. Jumatatu tunaipeleka kwa mkono, na nakala yetu tutataka igongwe muhuri.