Padri Mlevi Aliyeikera Vatikani

Mwaka 1953 Vatikani iliinyooshea kidole riwaya ya Mwingereza Graham Greene, The Power and the Glory, iliyotoka 1940 na ambayo mhusika wake mkuu ni padri mlevi anayesakwa na serikali huko Mexico. Lalamiko linaeleweka. Serikali ya Mexico ililitesa Kanisa miaka ile, na nchi ilikuwa na mapadri waliokufa kishujaa, akiwamo Mjesuiti Miguel Pro aliyepigwa risasi mwaka 1927, halafu mwandishi Mkatoliki anakwenda kumchagua mlevi aliyezaa na mwanakijiji. Kwa muumini aliyemzika padri wake miaka ile, hilo ni tusi.

Ila nadhani wakubwa wale walikomea kwenye chupa. Riwaya inafuata hali ya jimbo la Tabasco chini ya gavana Tomás Garrido Canabal: mapadri waoe au waondoke, na pombe marufuku. Padri wetu, ambaye hata jina hapewi, anatafuta divai ya Misa kwa magendo. Muuzaji ni binamu wa gavana (nani mwingine angekuwa nayo?), naye anataka wainywe pale pale. Padri anamsogezea brandi. Hataki, anataka divai. Inamiminwa glasi baada ya glasi mpaka inakwisha, na mnunuzi analia. Tazama kinachomliza: brandi, kilevi chake mwenyewe, ameachiwa. Kilichokwenda ni Misa ya watu. Kisha anakamatwa kwa kosa la chupa, si la upadri, na humo rumande anawaambia wafungwa yeye ni nani. Kichwa chake kina zawadi ya mamia ya peso, wala hakuna anayemchongea.

Angekuwa mtakatifu, tungesema watu wanamlinda kwa wema wake. Huyu hana wema wa kuonyesha, kwa hiyo wanaulinda upadri wenyewe. Kanisa limefundisha hivyo tangu Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alipobishana na Wadonati, Wakristo walioshikilia kwamba sakramenti ya padri mwovu ni batili: sakramenti haitegemei usafi wa mikono inayoitoa. Ajabu ni kwamba Vatikani haikuitambua katekisimu yake yenyewe.

Mahali wakosoaji wangenibana ni kwingine. Luteni anayemsaka, mtu mnyoofu anayewachukia mapadri kwa ajili ya maskini, anachukua mateka vijijini na kuwaua. Kila siku padri anayobaki ina gharama, na mlipaji si yeye. Katika kijiji cha mwanawe anajitolea achukuliwe badala ya kijana mmoja; luteni anamkataa, mzee asiyefaa shambani hafai hata kuwa mateka. Lakini alijitolea kama mkulima. Neno moja, “mimi ndiye padri,” lingemwokoa yule kijana, na hakulisema.