Nani kakwambia huo mkono ni wako?

Juzi usiku nimeshtuka usingizini nina uhakika kuna mtu kitandani. Mkono umelala kifuani kwangu, mzito, wa baridi, na mi nalala peke yangu. Nikaukamata nikautupa pembeni kwa nguvu zote, bega langu la kushoto likavutwa nao, ndo nikajua kumbe najitupa mwenyewe. Ulikuwa umekufa ganzi tu, niliulalia kabla ya kugeuka. Nikacheka gizani, lakini usingizi haukurudi, maana zile sekunde mbili tatu sikuwa na shaka hata chembe, huo mkono ulikuwa wa mtu mwingine.

Tangu hapo nawaza hivi, ile hisia ya "huu ni wangu" inatoka wapi? Tunaichukulia kama imekuja na mwili, umezaliwa na mkono basi unajua ni wako, kesi imeisha. Mi siamini tena. Naona ni makisio, ubongo unakisia kila wakati, na kwa kuwa unapatia karibu mara zote tunasahau kwamba unakisia.

Ushahidi ninaoupenda ni wa kizembe kabisa, hautaki hata mashine. Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen kule Marekani waliwakalisha watu 10 mezani, mmoja mmoja, mkono wa kushoto umefichwa nyuma ya kizuizi, na mbele ya macho yao umewekwa mkono wa mpira. Kisha brashi mbili ndogo, moja inasugua mkono wa kweli usioonekana, nyingine ule wa mpira, wakati uleule, sehemu ileile. Dakika 10 hivi. Watu wakaanza kusema mguso wanausikia pale kwenye mpira, na kwamba ule mkono ni kama wao. Wakiambiwa wafumbe macho waonyeshe mkono wao wa kushoto uko wapi, wanaonyesha sehemu iliyosogea kuelekea kwenye mpira. Yani mtu ana akili zake timamu, anajua fika kile ni kitu cha kuchezea, na bado hisia imehama. Kujua hakujasaidia kitu! Hapo ndo pananisumbua, kwasababu siku zote nilidhani nikishajua ukweli hisia itanifuata.

Kinachofanyika ni kama hesabu ya haraka. Macho yanaleta taarifa yao, ngozi inaleta yake, na misuli nayo inasema kiungo kimekaa wapi, ubongo ukiona zinakubaliana unaona ni jepesi kuamini chanzo ni kimoja kuliko kuamini bahati imegongana mara mia mfululizo. Na macho yana sauti kubwa kwenye hicho kikao, misuli ikisema mkono uko kule na macho yakisema uko hapa, mara nyingi misuli inapoteza. Ila ubongo haukubali chochote tu. Chelewesha brashi moja kwa milisekunde 300 hivi na uchawi unaanza kukatika. Geuza mkono wa mpira ukae mkao ambao kiwiko hakiwezi kukaa, haufanyi kazi. Weka kipande cha mti badala ya mkono, pia hola. Kwahiyo kuna masharti: muda, mkao, na umbo.

Mwaka 2004 Henrik Ehrsson na wenzake waliwapiga watu picha za ubongo wakiwa katikati ya jaribio hili, na eneo mojawapo lililochangamka ni lile la mbele linalopanga mijongeo kabla hujajongea, na kadiri mtu alivyosema anauona mkono ni wake ndivyo lilivyochangamka zaidi. Kwa nyani ilikuwa inajulikana tayari kwamba maeneo kama hayo yana seli zinazoitika ukimgusa mkono na pia akiona tu kitu kinaukaribia huo mkono. Mi nasoma hivi, "wangu" maana yake ya kwanza ni "kitu cha kukilinda".

Mwaka 2011 Ehrsson na kundi lake la Stockholm, Sweden, wakaenda mbali zaidi, mtu analala, anavalishwa miwani ya video, akiinamisha macho kuangalia mwili wake anaona mwili wa mwanasesere. Walitumia hata wa sentimita 30. Wanamgusa yeye na mwanasesere kwa pamoja, na hisia ikishakubali, vitu vyote vinaonekana vikubwa na viko mbali kuliko vilivyo. Kumbe hata ukubwa wa dunia tunaupima kwa mwili tunaodhani tunao.

Sasa haya ni ya maabara, ya kufurahisha. Upande wa pili haufurahishi. Mtu akipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, mara chache hutokea akaanza kusema mkono wake wa kushoto sio wake. Ni wa daktari, ni wa ndugu yake, kuna mtu kausahau hapo. Ukimwonyesha umeunganika na bega lake anakupa maelezo mengine, na kwenye mambo mengine yote anaongea vizuri tu. Watu wanaomzunguka wanaona kachanganyikiwa, au anadeka, wanaanza kubishana naye, na mi naona ubishi huo ni ukatili wa kutojua, maana yule anaripoti kwa uaminifu kile ubongo wake unachomletea, kama mimi na ule mkono wa usiku, tofauti ni kwamba wangu ganzi iliisha baada ya dakika moja. Mwaka 1991 watafiti wa Italia walimwekea mgonjwa wa namna hiyo maji ya baridi kwenye sikio la kushoto, ambayo yanachokoza mfumo wa usawa wa mwili, na kwa muda mfupi akaukubali mkono wake. Kisha akaukana tena. Wengine wamepata nafuu ya muda kwa kuuangalia mkono kwenye kioo. Hoja hazikumfikia, maji yakamfikia.

(Hivi mmeshawahi kusikiliza Kiswahili chenyewe kinavyosema? Kichwa kinaniuma. Miguu imenigomea. Tumbo limenikataa. Viungo ndo vinatenda, mimi natendwa, kama jirani wakorofi. Sijui waliotuachia lugha walikuwa wanawaza nini ila naona walikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.)

Niseme pia kuna wanaotia mchanga kwenye kitumbua. Mwaka 2020 Peter Lush na wenzake walionyesha kwamba wanaopata hisia kali kwenye mkono wa mpira ni walewale wepesi kuitikia maelekezo ya kuwaza jambo mpaka walihisi, wakasema huenda sehemu ya matokeo ni watu kujipa hisia wanayojua inatarajiwa. Kundi la Ehrsson likapinga. Mi naona hoja ya Lush ina uzito, lakini haiuondoi ugonjwa wa kiharusi, yule hakuna aliyemwelekeza kuukana mkono wake.

Nikaamua kujaribu mwenyewe. Glavu ya mpira nikaijaza pamba, boksi la viatu likawa kizuizi, brashi mbili za rangi. Mdogo wangu alinisugua robo saa, sikuhisi kitu, zaidi ya kujiona mjinga. Tukabadilishana. Yeye ni mtu wa kulia kwenye filamu hata za katuni, dakika ya tatu akanyamaza, akawa anaikodolea macho ile glavu. Nikachukua kijiko bila kumwambia nikaipiga. Karuka na kiti chake. Baadaye nikamkuta anaosha vyombo huku anausugua mgongo wa mkono wake wa kushoto, namuuliza vipi, ananiambia umeniumiza bwana, alafu anasita, anauangalia, anaendelea kuusugua.