Pua Yangu na Pua za Warumi

Mama mkwe alikuja kututembelea Copenhagen mwezi wa pili, kutoka Tanga moja kwa moja hadi kwenye theluji. Siku ya tatu mke wangu akaenda kazini, akaniachia amri: "Mtoe mama, asishinde ndani kama sanduku." Nikatafuta mahali penye joto, penye staha, na ambapo nitaonekana mkwe msomi. Nikampeleka Glyptotek, jumba la makumbusho la sanamu za kale.

Ukiingia unapokelewa na bustani iliyo ndani ya jengo, chini ya paa la kioo, na miti mirefu ya jamii ya minazi. Mama akaitazama weee.

"Baba Salma, umenipitisha kwenye barafu yote ile uje kunionyesha minazi?"

Hilo lilikuwa dogo. Nilichosahau ni kwamba Wagiriki hawakuwa na shida na nguo. Tukajikuta ukumbini, mimi na mama mzaa chema, tumezungukwa na wanaume wa marumaru uchi wa mnyama. Mama akashusha mtandio hadi kwenye nyusi. Mimi nikageuka mtaalamu wa dari. Ndipo nikakumbuka kuwa Warumi walipenda sana kuchonga vichwa, na kichwa hakina cha kuvua.

"Twende kwa Warumi, mama. Wale wana heshima zao." (Uongo mtupu, lakini angalau wengi pale wanaishia shingoni.)

Kwenye vichwa nikapata pumzi, nikaanza somo. Nyumba hii, nikamwambia, iliasisiwa mwaka 1888 na Carl Jacobsen, tajiri wa bia ya Carlsberg. Mama akaondoa mkono ukutani kana kwamba umelowa. Nikahamia kwenye rangi: zamani hawa hawakuwa weupe hivi, walipakwa rangi midomo, macho na nywele, na kichwa cha Caligula, kaizari wa Roma, kilichomo humo bado kina chembe zake.

"Sasa nani kawaosha?"

Nikasema udongo, mvua, na mafundi wa baadaye waliowasugua. Akaguna. Kisha akauliza swali nililokuwa nikiliombea dua tangu asubuhi: mbona wengi hawana pua?

Hapo nikavimba. Nikampeleka kwenye kabati la kioo lililojaa pua. Pua tupu, safu kwa safu: za kipanga, za kitoto, nyingine zimepinda. Wenyewe wanaliita Nasothek. Sanamu ikianguka kifudifudi, nikamweleza, pua ndiyo inayotangulia. Wanunuzi wa karne ya 19 hawakutaka kaizari mwenye kidonda usoni, kwa hiyo mafundi walichonga pua mpya, wakatoboa tundu, wakazipachika kwa kijiti cha chuma. Karne iliyofuata wataalamu wakasema huko ni kumsingizia marehemu sura, wakazibandua. Ila hawakuzitupa.

"Tazama hii, mama, hapa nyuma..." Nikainama kumwonyesha, kwa kasi ya mtu anayejua anachosema.

Kile kioo kilikuwa kimefutwa vizuri mno.

Paa!

Mlinzi alikuja mbio. Akakagua kioo kwanza, halafu pua zilizomo kabatini, moja baada ya nyingine, mwisho kabisa akanigeukia mimi. Akanipa karatasi laini, nikajiziba tundu zote mbili, damu ikidondoka kwenye shati nililonunuliwa na huyohuyo mama mkwe. Pale kwenye kioo palibaki alama ya mafuta, pana, imejipanga sawasawa kwenye safu ya pili kana kwamba iliandaliwa nafasi. Mama akaisogelea, akailinganisha na majirani zake bila haraka.

"Yako imewapita wote," akasema.

Njia nzima ya kurudi hakutamka neno, ila mabega yalikuwa yakimtikisika ndani ya koti. Jioni alipiga simu Tanga, nami nikiwa jikoni na barafu puani nikamsikia:

"Wana kabati la pua, mwanangu. Baba Salma aliwapelekea na yake, wakaipima, wakamrudishia."